Namna ya Kutunza Upadhatu: Maziwa ya Mama, Hedhi, Meno, Ngozi na Kano kwa Mtazamo wa Ayurveda

Ayurveda, elimu ya kale ya tiba kutoka India, huhesabu dhatu saba zinazoujenga mwili wa mtu: rasa, ambayo ni majimaji ya lishe yanayotokana na chakula, rakta, yaani damu, mamsa, yaani nyama, meda, yaani mafuta, asthi, yaani mifupa, majja, yaani uboho, na shukra, yaani mbegu ya uzazi. Kila dhatu inapokamilika huacha pembeni yake kitu kingine ambacho ni zao lake la pili, na zao hilo ndilo huitwa upadhatu. Rasa huzaa maziwa ya mama na damu ya hedhi, rakta huzaa kano nene na mishipa ya damu, mamsa huzaa ngozi pamoja na mafuta laini yaliyoshikamana na nyama, na meda huzaa kano nyembamba zinazofunga viungo. Hapo ndipo hesabu ya Charaka, mmoja wa waandishi wakuu wa kale wa Ayurveda, inapokoma. Sharngadhara, aliyeandika karne nyingi baadaye, alitoa orodha yake, na humo waliingia meno kama zao la mifupa, nywele kama zao la uboho, na ojas, ile nguvu ya uhai na kinga ya mwili, kama zao la shukra. Walimu wengi wa leo hufundisha hesabu zote mbili kwa pamoja, nami nitafanya hivyo.

Tofauti kubwa kati ya dhatu na upadhatu ni kwamba dhatu hulisha dhatu inayofuata, ilhali upadhatu hushikilia mwili bila kulisha chochote kingine. Wafafanuzi wa zamani, akiwemo Chakrapani wa karne ya 11, waliifananisha safari ya lishe mwilini na maji ya mfereji wa shamba, na msomaji aliyewahi kusimama kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero hahitaji maelezo marefu: maji hutoka kwenye mfereji mkuu, yakajaza jaruba la kwanza, yakavuka kwenda la pili, na majaruba ya pembeni hupata tu kile kilichowafikia jirani zao wa juu. Upadhatu ni jaruba la pembeni lisilo na njia ya kutokea. Likikauka, hulimwagii maji kwa kikombe. Unapanda juu kuangalia mfereji umezibia wapi. Kanuni ya mwongozo huu mzima ni hiyo: unapoona udhaifu kwenye meno, maziwa, ngozi au viungo, tafuta dhatu iliyouzaa, kisha tafuta chakula na mmeng'enyo vinavyoilisha dhatu hiyo.

Niseme mapema kwamba huu ni mpangilio wa kimapokeo wa kuusoma mwili, wala si ramani inayolingana kipande kwa kipande na anatomia ya hospitalini. Mimi nauthamini kwa sababu humfanya mtu aangalie sahani yake, maji yake na usingizi wake kabla ya kukimbilia chupa ya dawa. Palipo na dalili za hatari, nitazitaja, na hapo njia ni kituo cha afya.

Anza na moto wa tumbo

Hakuna upadhatu inayoweza kuwa nzuri ikiwa agni, yaani moto wa kumeng'enya chakula, umelegea. Dalili za moto mzuri ni za kawaida kabisa: mtu huhisi njaa ya kweli wakati wa chakula, haachwi mzito baada ya kula, hapandishi chakula kooni, na huenda haja kwa wakati wake. Ukikosa dalili hizi, acha kwanza shauku ya kununua vitu vya kujenga mwili, kwa sababu maziwa, samli, njugu na nyama ni vyakula vizito, navyo vikiingia kwenye tumbo lililochoka huwa mzigo.

Kula chakula kikiwa moto, na mlo mkubwa uwe wa mchana badala ya ile sahani ya ugali ya saa nne usiku ambayo familia nyingi za mjini zimeizoea kwa sababu ya kazi na foleni za matatu. Usile mlo mpya kabla ule wa kwanza haujatulia. Desturi ya kale ni kutafuna kipande chembamba cha tangawizi mbichi chenye chumvi kidogo kabla ya kula. Kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo ni desturi nzuri na haina gharama. Kwa siku chache za mwanzo, chakula bora kabisa ni ndengu, ambazo vitabu vya Ayurveda huzisifu kuliko jamii nyingine zote za kunde kwa wepesi wake. Ziloweke, zichemshe mpaka zipasuke, kisha weka kijiko cha samli kwenye sufuria ndogo, tia jira mpaka ianze kurukaruka na kutoa harufu, ongeza tangawizi iliyopondwa na manjano, halafu mimina yote juu ya ndengu zikiwa bado zinatokota. Viungo hivi havina ugeni kwetu. Wafanyabiashara wa Kihindi wamekuwa wakiviuza Kisumu tangu enzi ambazo reli ilifika ziwani, mwaka 1901, na leo hata mama wa kibanda cha mboga anavyo kwenye vipakiti.

Sushruta, mwandishi mwingine mkuu wa kale wa Ayurveda, aliandika kwamba lishe huchukua takriban mwezi mmoja kupita dhatu zote mpaka kufika ya mwisho. Kwa hiyo ukibadilisha chakula, usihukumu matokeo kabla ya mwezi kuisha.

Maziwa ya mama na hedhi, watoto wa rasa

Rasa ikipungua, vitabu husema mtu huchoka kwa kazi ndogo, moyo humwenda mbio, na kelele humuudhi. Mama anayenyonyesha mwenye hali hiyo na ambaye matiti yake yamelegea na maziwa yamepungua anahitaji kulishwa rasa, yaani vimiminika vyenye lishe na pumziko. Jambo linalonivutia ni kwamba Sushruta, katika kutaja sababu za maziwa kukauka, aliweka hasira, huzuni na kukosa upendo kwa mtoto. Mama anayelia kila siku hatasaidiwa na uji peke yake. Wa nyumbani mwake wamwondolee kazi na maneno makali.

Kwa chakula, magharibi mwa Kenya tumebarikiwa. Uji wa wimbi uliotiwa maziwa, supu ya samaki, ndengu za namna niliyoeleza, simsim iliyokaangwa na kupondwa, mboga za kienyeji, na maji ya kutosha ni msingi uliokamilika. Wengine huongeza uwatu: kijiko kidogo cha mbegu zilizolowekwa usiku, zikachemshwa kwenye uji asubuhi. Uwatu hushusha sukari ya damu na unaweza kuingiliana na dawa za kuzuia damu kuganda, hivyo mama mwenye kisukari au anayetumia dawa hizo asiuguse bila kuuliza, na mjamzito auache kabisa. Mmea maarufu zaidi wa Ayurveda kwa maziwa ni shatavari, ambao huuzwa kama unga wa mizizi. Lakini kichocheo kinachoaminika kuliko vyote ni mtoto mwenyewe kunyonya mara nyingi, mchana na usiku, akiwa ameshika titi vizuri, kwa sababu kadiri titi linavyomalizwa ndivyo linavyotengeneza mengine.

Vitabu vina kipimo cha maziwa: yadondoshwe kwenye maji safi, na yaliyo mazuri huwa meupe kama kombe la bahari, membamba, yasiyo na povu wala nyuzi, yanayochanganyika na maji sawasawa bila kuelea wala kuzama. Nakieleza kwa sababu wengine watakutana nacho wakiambiwa maziwa yao ni mabaya. Mama asikitumie kumwachisha mtoto. Maziwa ya mwanzo wa kunyonya ni mepesi na ya mwisho yana mafuta mengi, na mafuta huelea. Hiyo ni kawaida. Kipimo cha kufuata ni mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku baada ya wiki ya kwanza na ambaye uzito wake unapanda kwenye kijitabu cha kliniki. Asipoongezeka uzito, mpeleke kliniki wiki hiyo hiyo. Na mpaka atimize miezi 6, anyonye tu, bila maji wala uji.

Kuhusu hedhi, Charaka alitoa maelezo ambayo ningependa kila msichana ayajue: huja kila mwezi, haina utelezi wala mwako wala maumivu, hudumu kama siku 5, si nyingi kupita kiasi wala si kidogo mno. Sushruta aliongeza kwamba damu nzuri haiachi doa kwenye kitambaa kikifuliwa. Ikiwa hedhi imekuwa kidogo na inachelewa kwa mwanamke aliyekonda na kuchoka, fuata njia ya rasa: chakula chenye joto, simsim, tangawizi, usingizi. Ikiwa ni nyingi, tatizo haliponyeki kwa kuongeza vitu vya joto, na hapo watu wengi hukosea. Damu inayotoka zaidi ya siku 7, au inayojaza pedi kwa saa moja au mbili, inahitaji daktari na kipimo cha damu. Eneo la ziwa lina malaria, na malaria pamoja na hedhi nzito humaliza damu ya mwanamke haraka kuliko anavyoweza kuirudisha kwa chakula. Anayekunywa vidonge vya madini ya chuma aviweke mbali na chai, na vivyo hivyo mlo wa mboga, kwa maana chai huzuia mwili kuyapokea madini hayo.

Meno, mtoto wa mifupa

Hapa nitakaa zaidi, kwa ajili ya wakazi wa Nakuru. Charaka alisema mifupa ikidhoofika, nywele, kucha, ndevu na meno huanza kuanguka, na viungo hulegea. Yaani jino ni dirisha la mfupa. Dirisha hilo Nakuru mara nyingi huwa na rangi ya kahawia, na chanzo kinajulikana: miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia floraidi kwenye maji ya chini ya ardhi, na visima vingi vina kiasi kinachopita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi ikizidi wakati gamba la jino linajengwa, jino hutokea likiwa na madoa na mashimo madogo. Ikizidi kwa miaka mingi, mifupa yenyewe huumia na kukakamaa. Meno ya ukubwani hujengwa ndani ya ufizi tangu mtoto azaliwe mpaka kama miaka 8, kwa hiyo kinga ni ya miaka hiyo. Mtu mzima mwenye madoa hawezi kuyaondoa kwa chakula wala unga wowote wa Ayurveda, na anayeuziwa ahadi hiyo asinunue.

Fanya hivi. Uliza mwenye kisima au kampuni ya maji kiasi cha floraidi, au peleka sampuli kupimwa. Usitegemee kuchemsha, kwa kuwa kuchemsha huua vijidudu lakini hupunguza maji na kuacha floraidi ikiwa nzito zaidi. Kwa maji ya kunywa na ya kupikia ya watoto wadogo, kukinga maji ya mvua kwenye paa safi ndiyo njia rahisi, mradi tangi lifunikwe na maji ya mwanzo wa mvua yaachwe yapite. Punguza magadi jikoni, maana nayo hubeba floraidi. Njia nyingine ni kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilifanya kazi kubwa ya kukieneza: mifupa ya wanyama huchomwa mpaka kuwa mkaa, ikasagwa punje, na maji yanapopita, floraidi hunaswa na madini yale yale ambayo meno yetu yameumbwa kwayo. Mtu anayeiamini hesabu ya asthi na danta, yaani mifupa na meno, hawezi kukosa kuguswa na jambo hilo, kwamba mfupa ndio unaolilinda jino. Mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe kwa wakati. Kwa familia ambazo dini au desturi yao haikubali mifupa ya ng'ombe, zipo mashine zinazochuja maji kwa shinikizo kupitia utando, ingawa bei yake ni kubwa.

Sasa chakula cha mfupa. Charaka aliagiza kwamba magonjwa yaliyokaa kwenye mifupa yatibiwe kwa maziwa na samli zilizoandaliwa pamoja na vitu vichungu. Agizo hilo linashangaza, kwa sababu uchungu ukiwa peke yake hukausha mwili, na mfupa hauhitaji ukavu. Kumbe uchungu huingia mpaka ndani ya mfupa, na mafuta ya maziwa huulainisha na kuujenga. Msomaji wa Kisumu, Kakamega au Siaya tayari analijua pishi hilo. Chambua saga na managu, majani na ncha laini tu. Chemsha saga kwanza kwa kuwa ndiyo ngumu, ongeza managu baadaye, mwaga maji ya kwanza ikiwa uchungu umezidi. Kisha mimina maziwa yafunike mboga nusu, yachemke polepole mpaka yaingie, epua na ufunike. Kesho yake pasha moto tena na uongeze maziwa kidogo. Siku ya pili ndipo uchungu unapokuwa umetulia na mboga imekuwa laini kama siagi. Wakati wa kupakua, weka kijiko cha samli. Kula pamoja na ugali wa wimbi, ambao una kalisi nyingi mara kadhaa kuliko wa mahindi, na omena wanaoliwa na mifupa yao. Sijui hospitali wala hekalu ambako pishi bora zaidi la mfupa lingepatikana.

Kwa kinywa chenyewe, vitabu huagiza kijiti cha mti mchungu au wenye ukakasi, urefu wa vidole 12, unene wa kidole cha mwisho, kilichotafunwa ncha mpaka kiwe brashi laini isiyochubua ufizi. Mwarobaini unafaa na Kisumu umejaa. Asubuhi, kabla ya kula, shika mdomoni kijiko kimoja cha mafuta ya simsim ya uvuguvugu, usiyameze, mpaka mdomo ujae mate, kisha tema nje na usukutue. Hayo hulainisha ufizi na kuimarisha taya, lakini hayachukui nafasi ya kupiga mswaki, wala hayatasaidia kitu kwa mtoto anayeshinda na soda mkononi.

Nywele nitazipitia kwa ufupi. Kuna wanaoziita zao la uboho na wengine taka ya mifupa. Kwa vyovyote lishe ni ile ile. Nywele zinazokatika kwenye paji la uso mara nyingi zimevutwa na kusuka kwa kubana, na zinazoanguka miezi mitatu au minne baada ya kujifungua kwa kawaida hurudi zenyewe.

Ngozi na kano

Charaka alihesabu tabaka 6 za ngozi na Sushruta 7, tena huyu akapima unene wake kwa punje ya mpunga: ile ya juu kabisa, inayoonyesha rangi ya mtu, ni sehemu 1 ya 18 ya punje, na ile ya chini kabisa, iliyokaa juu ya nyama, ni punje 2 nzima. Ukilielewa hilo utaona kwa nini mkorogo ni uharibifu: hushambulia tabaka jembamba kuliko yote, na krimu nyingi za aina hiyo zimewahi kukutwa na zebaki inayopenya mpaka figo. Ngozi ni zao la nyama, hivyo ngozi iliyopauka kwa mtu aliyekonda matako na shingo hudai protini, yaani ndengu, samaki, mayai au maziwa, kabla ya losheni.

Kupaka mafuta mwilini, abhyanga, hufaa ngozi na kano kwa pamoja. Pasha mafuta ya simsim ndani ya bakuli la maji ya moto, paka kwa kusugua mikono na miguu kwa urefu na viungo kwa mzunguko, kaa robo saa, kisha oga kwa maji ya moto, ukitumia unga wa dengu badala ya sabuni kali ukitaka. Usipake ukiwa na homa au tumbo lililojaa chakula kisichomeng'enywa. Usisugue kamwe mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu, kwa sababu huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Nenda hospitali siku hiyo.

Viungo vinavyolia kwa kukakamaa vilitajwa na Charaka kuwa dalili ya meda kupungua, si ya umri tu. Mwendesha boda boda au mkata miwa wa Muhoroni anayekula chakula kikavu siku nzima atanufaika na samli au simsim kwenye mlo wake wa mchana na kupaka magoti mafuta jioni. Aliye mnene sana asiongeze mafuta. Kwake meda ipo tele lakini imelala, naye atembee na kula kidogo jioni. Maumivu makali ya mifupa na viungo yanayomrudia mtoto mara kwa mara, hasa huku magharibi ambako selimundu ni nyingi, yapimwe damu kabla ya mafuta yoyote.

Ukinunua dawa iliyotengenezwa

Unga wa mmea mmoja unaotambulika ni jambo moja. Dawa zinazoitwa rasa (jina hili hapa ni la aina ya dawa, si ile dhatu) au bhasma, yaani majivu, ni jambo jingine, kwa kuwa hutayarishwa kwa madini, na mapokeo yenyewe yanakiri kwamba zikiandaliwa vibaya ni sumu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulichunguza bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasipewe dawa ya aina hiyo, kwani risasi huhifadhiwa kwenye mifupa na hupita kwenye maziwa. Soma lebo utafute jina la kila kiungo, tarehe na mtengenezaji, na uangalie kama imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Ukikuta imeandikwa bhasma, parada (yaani zebaki) au sindura, ambayo nayo ni jina la dawa ya madini, irudishe kwenye rafu. Na ukienda kliniki kwa sababu nyingine yoyote huku ukitumia unga wa shatavari, uwatu au dawa nyingine ya miti, beba kopo lenyewe umwonyeshe daktari.